Siku ya Kuanika Mawinga

Mimi si mtu mzuri, na sitaki mtu anihurumie kabla sijamaliza. Nilikuwa winga wa kushoto katika chuo kimoja cha ualimu pale Kajiado, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati vumbi la kule lilikuwa likiingia mpaka ndani ya chai na tunalinywa hivyo hivyo. Hakuna anayenikumbuka kwa sababu ya mpira. Wanaonikumbuka wananikumbuka kwa sababu ya mdomo.

Kila mwaka, wiki mbili hivi kabla ligi ya vyuo ianze, chuo chetu kilikuwa kinashikwa na ugonjwa mmoja tu, kulinganisha mawinga. Mabeki hawakulinganishwa. Golikipa ni golikipa, akifungwa anatukanwa, basi. Lakini winga ni mtu wa kuangaliwa. Watu walibishana kwenye foleni ya maji, walibishana wakitoka kanisani, hata wapishi waliacha sufuria wakaja kubishana. Kulikuwa na winga wa upande wa Machakos, miguu matege, lakini ikisemekana akishika mpira beki anamtafuta kwa tochi. Kulikuwa na mwingine wa Narok aliyekuwa akienda mtoni na punda, na anayechoka ni punda. Na wa Thika, ambaye alipiga kros tamu kabisa lakini ukimwonyesha njumu anaruka kando. Watu wazima, walimu wa kesho, walikula kiapo juu ya wanaume ambao hawajawahi hata kuwaona.

Bingwa wa mambo hayo alikuwa mimi. Mtu alikuwa anakuja na mawinga wawili mdomoni, ananiuliza, "Manze, kati ya hawa wawili, nani?" Nami nilikuwa nachinja mmoja pale pale. Niligundua mapema kwamba watu hawaji kusikia nani ni mzuri. Ukisema fulani ni mzuri wanapiga miayo. Ukisema fulani amekwisha, goti limekwisha, pumzi imekwisha, moyo haukuwepo tangu mwanzo, hapo wanasogeza viti. Nikawa nasogezewa viti kila jioni.

Katika chuo chetu wenyewe, winga wa kulia alikuwa kapteni, na kapteni haguswi. Kushoto tulikuwa wawili, mimi na jamaa niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa na jezi namba kumi na moja mwaka uliotangulia. Mimi nilikalia benchi mwaka mzima, nikiwa na sweta begani kama mgonjwa anayengoja daktari.

Alitoka Illasit, chini kule karibu na Loitokitok, kwa watu wa kutoka Central waliohamia huko kulima vitunguu na nyanya. Mimi nilitoka Noonkopir, Kitengela, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, kwa mzee mmoja wa Western aliyekuwa karani wa stoo Nairobi na kurudi kila jioni na gazeti la asubuhi. Yule jamaa alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia kwa Kimaasai, "sopa," anajibu "ipa" na kuendelea na shughuli zake. Nilimpenda. Naliandika hilo sasa kwa sababu hapa mbele hutaliamini.

Mwaka huo tulisikia kwamba kiwanda kimoja cha upande wa Athi River kilikuwa kinatafuta wachezaji wawili wa timu yake. Wangekuja kuangalia mechi yetu ya kwanza, wachague watu wawili, wawape kazi kiwandani na jezi za timu. Karatasi za shule hawakutaka. Walitaka miguu, na kitambulisho cha kuonyesha wewe ni nani. Kwa wenzangu hiyo ilikuwa bahati nzuri tu, ya kutofunga safari ya kwenda kufundisha Marsabit. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine kabisa.

Jina lililokuwa kwenye rejista ya chuo halikuwa langu. Lilikuwa la kaka yangu. Alifaulu kidato cha nne vizuri sana, akaugua, akafa kabla hajaenda popote. Mwaka uliofuata mimi nilifanya mtihani huo huo nikaanguka vibaya. Barua ya kuitwa chuoni ilikuja kwa jina lake, na sura zetu zilikuwa zinafanana. Baba aliweka kitambulisho cha marehemu na cheti chake mezani, akanyoosha kona na kidole gumba, akasema, "Karatasi nzuri haizikwi." Mama alikuwa jikoni na hakutoka. Toka siku hiyo nikaitwa jina la marehemu, nyumbani na nje, ndio nizoee, ndio asiteleze mtu. Kitambulisho changu mimi mwenyewe nilikificha chini ya sanduku, kimefungwa kwa soksi.

Kwa hivyo elewa nilichokuwa nakimbilia. Kiwandani ningeenda na kile kitambulisho cha kwenye soksi. Ningeitwa jina langu asubuhi nikiingia zamu, ningeitwa jina langu jioni nikitoka. Wengine waliutaka mshahara. Mimi nilitaka jina, na jina lilikuwa limeshonwa kwenye ile jezi ya kushoto.

Sasa habari ya jicho.

Nilianza kushuku kwa sababu mimi ni mtu wa kuchunguza mawinga. Yule jamaa alikuwa na mwendo wa ajabu kwa hatua thelathini za kwanza, kuliko mimi, kuliko hata kapteni. Lakini hakukubali kamwe kucheza upande mwingine. Kocha akimwambia aende kulia, anasema tumbo. Akimwambia aingie kati, anasema kisigino. Mpira wa kurushwa kutoka kwa mstari hakuupokea kichwani hata siku moja. Kitanda chake alikuwa amekisukuma ubavu wa kushoto ukaegemea ukuta. Mezani alikaa mwisho wa benchi, kushoto kwake hakuna mtu.

Nikamjaribu. Siku za nyama, nilisimama kama ninayeenda kuchukua maji, nikapita upande wake wa kushoto, nikachukua kipande kwa sahani yake. Hakugeuka. Jumatano nikachukua tena. Nilikula nyama ya yule mtu wiki nzima, na nilicheka ndani kwa ndani, naona raha kabisa.

Jumapili tulikuwa tunafua jezi nyuma ya bweni. Akasema bila kuinua kichwa, "Umekula nyama yangu wiki nzima. Nilikuwa nangoja uniulize."

Akaniambia. Alipokuwa darasa la tano alikuwa akinyunyizia nyanya dawa na bomba la mgongoni. Mpira wa bomba ukachomoka, dawa ikamwingia jicho la kushoto. Walimwosha na maziwa. Jicho lenyewe halikuharibika kwa kuangalia, linazunguka vizuri, linang'aa kama lile lingine. Halioni tu. Ndiyo maana alicheza winga ya kushoto. Uwanja mzima, wenzake, mabeki, goli, vyote viko upande wa kulia kwake. Kushoto ni mstari tu na watu wa kupiga kelele. Pale peke yake ndipo mtu wa jicho moja anaweza kuwa mzima. Kwingine popote angekuwa mlemavu, na alijua, na aliliangalia jambo hilo bila kulialia. Aliniambia pia kwamba hatarudi kubeba bomba lile, hata iweje. Kiwanda kikimchukua, asante. Kisipomchukua, ni bomba, maana aliogopa kwamba serikali ikimpima macho haitamwajiri ualimu.

Mimi nami, kwa vile siri hulipwa kwa siri, nikamwambia habari ya cheti. Nikamtajia jina langu. Alilirudia mara moja, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Akasema, "Hilo ndilo linakufaa." Tukaanika jezi, tukaenda kula. Siku hiyo sikuiba nyama.

Chuo chetu kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Tuliiita kuanika. Ilianza, walivyotuambia, mwaka ambao mchezaji mmoja alificha goti bovu, akaanguka katikati ya mechi kubwa, na timu ikapoteza kila kitu. Kutoka hapo kocha akaweka sheria. Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu, timu nzima inakaa nyuma ya jikoni, penye nyaya za kuanikia nguo. Wanaogombea jezi moja wanasimama mbele. Kila mmoja anasema yote anayoyajua juu ya mwenzake. Huruhusiwi kusema uongo. Huruhusiwi kujitetea. Anayetaka jezi anaanza, aliye nayo anamalizia. Kisha wachezaji wanaenda kusimama nyuma ya mtu wanayemtaka, na mambo yamekwisha. Kocha, mwalimu wa hesabu, Mmaasai mrefu mwenye sauti ndogo, alikuwa akifungua kila mwaka kwa maneno hayo hayo, "Mficha uchi hazai."

Wageni waliona ni ukatili. Sisi tuliona ni haki. Watu waliingia pale marafiki na kutoka marafiki, kwa sababu wengi wao walikuwa na akili ya kusema mambo madogo. Fulani anachelewa mazoezi. Fulani anapenda kupiga mpira kwa kidole. Watu wanacheka, wanahama nyuma ya huyu au yule, wanaenda kunywa uji. Kulikuwa na adabu ndani yake ambayo haikuandikwa mahali.

Usiku kabla ya siku hiyo nililala usingizi mzuri. Sitakudanganya kwamba nilijigeuzageuza.

Nilianza na yale ya kawaida. Nikasema mwenzangu ana mwendo, hilo halina ubishi, lakini ni mwendo wa hatua thelathini. Mimi niko na pumzi ya dakika tisini. Nikasema yeye harudi nyuma kusaidia beki. Nikasema kros zake zinapaa. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakisogeza viti, na nikasikia ule utamu niliouzoea wa watu kunisogelea. Mtu mwenye mdomo akisikia utamu ule hawezi tena kusimama. Nikasema, "Muulizeni kwa nini hachezi upande mwingine wowote."

Kocha akanikumbusha kwamba mtu hajibu. Nikasema sawa, nitawajibia mimi. Nikachukua kipande cha sabuni kilichokuwa juu ya jiwe la kufulia, nikaenda nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa. Alikuwa anatazama mbele. Nikainua mkono nikaleta ile sabuni kwa kasi, mpaka karibu iguse kope zake, nikaisimamisha pale.

Hakupepesa.

Nikarudia, wote waone. Nikapunga mkono mbele ya lile jicho kama mtu anayefukuza nzi. Mtu mmoja akacheka, halafu akanyamaza. Nikawaambia jicho hili ni la kupamba tu. Nikawaambia hawa watu wa kiwanda wakija, tutawapa winga wa kuongozwa kwa mkono? Maneno hayo niliyasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo. Yeye aliinua mkono polepole akagusa hewa mahali sabuni ilipokuwa, kwa sababu alikuwa hajajua nimefanya nini, alikuwa amesikia tu kicheko.

Zamu yake ikafika. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba naye ana kisu.

Nakwambia ukweli, nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimejaa sana maneno yangu. Neno moja tu kutoka kwake, na kocha angelazimika kwenda kwa mkuu wa chuo, na mkuu angefungua faili, na baba yangu angeitwa kutoka stoo yake Nairobi aje aeleze ni mtoto yupi alimzika. Sanduku langu lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Nikapiga hesabu kama naweza kukimbia nikalichukue.

Aligeuka. Yeye hakuwa anageuza macho, ilibidi ageuze kichwa chote ili akuone na lile zima. Akaniangalia muda mrefu hivi kwamba kocha akakohoa.

"Huyu anakimbia vizuri kuliko mimi," akasema. "Pumzi anayo. Lakini anakimbia akiangalia ni nani anamwangalia. Ni hayo tu."

Wakacheka. Hawakucheka vibaya, walicheka kama watu waliokuwa wameshika pumzi wakaachiliwa. Beki wetu wa kati akarudia maneno hayo, akapiga paja. Kisha wakasimama wakaja nyuma yangu, mmoja mmoja, isipokuwa golikipa, ambaye alienda akasimama nyuma yake, akakunja mikono na kunitazama kwa chuki. Kocha akanipa jezi. Ilikuwa bado na unyevunyevu, kwa sababu ilikuwa imeanikwa pale pale.

Chumbani nilimkuta anasogeza kitanda. Nikangoja anitukane. Ningefurahi kama angenipiga, wallahi, ningepigwa tukalingana. Aliendelea kusukuma. Mwishowe nikamwuliza mwenyewe kwa nini hakusema habari ya cheti.

"Tuliitwa kusema mambo ya mpira," akasema.

Akamaliza kukisukuma kitanda mpaka ukuta ule mwingine. Sikuelewa mpaka alipolala. Alikuwa amekigeuza ili upande wake wa kushoto uwe kwangu. Tulikaa hivyo mpaka tukamaliza chuo, na kwa miezi hiyo yote, akiwa kitandani, mimi sikuwepo.

Sasa mechi. Ilikuwa mchana, jua la Kajiado ambalo halina mzaha, uwanja mgumu kama sakafu. Watu wa kiwanda walikuja wawili, kofia kubwa, wakakaa mbele ya pikapu yao wakila mahindi ya kuchoma. Chuo mwenyeji ndicho kilikuwa kinatoa mshika bendera wa upande mmoja, na kocha, kwa kumhurumia yule jamaa asikose kabisa kazi ya kufanya, akampa bendera. Alimpa ya upande wa kushoto. Huruma ya mwalimu wa hesabu! Kwa hivyo nilipoingia uwanjani na namba kumi na moja mgongoni, yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, juu ya mstari, ameugeuzia uwanja uso wote.

Mpira wa kwanza ulinijia vizuri. Beki wao alikuwa mzito, mtu wa kupitwa na mtoto. Nilipiga hatua mbili, na ndani ya kichwa changu nikasikia: anakimbia akiangalia ni nani anamwangalia. Nikajiambia usiangalie. Nikaangalia. Jamaa wa kofia alikuwa ameshikilia hindi mdomoni, hajalimega, ananingojea. Mpira ukapita chini ya mguu wangu ukatoka nje. Bendera ikapanda. Ilikuwa sahihi, mpira ulikuwa umetoka.

Sijui ni nani alianza. Nafikiri ni beki wetu wa kati, alikuwa mtu wa mzaha. Mara ya pili nilipopata mpira, mtu akapaza sauti, "Tunakuangalia!" Ya tatu, wakawa kumi. Kufika dakika ya thelathini chuo changu mwenyewe, wasichana na wapishi pamoja, walikuwa wanaimba kila nikigusa mpira, tunakuangalia, tunakuangalia, na kupiga makofi. Hao hao niliowafundisha raha ya kumaliza mtu. Walikuwa wanafunzi wazuri. Nilijaribu kukimbia nikiangalia chini, nikaenda nikamgonga mshika bendera. Akanishika nisianguke. Akaniachilia, akainua bendera, mpira ni wao.

Nilitolewa wakati wa mapumziko. Watu wa kiwanda walimchukua kapteni. Wa pili walimchukua yule beki mzito wa timu nyingine, kwa sababu, nilisikia wakimwambia kocha, alikuwa amemfunga kabisa winga wa hatari. Nilimtafutia mtu kazi kwa miguu yangu mwenyewe. Niliirudisha jezi jioni hiyo, na msimu uliobaki nilikaa nikiuguza kisigino ambacho hakikuwa na kitu.

Hayo ndiyo yaliyonifanya mwalimu. Nilimaliza chuo kwa jina la marehemu, nikaajiriwa kwa jina la marehemu, na baada ya kuzungushwa huku na huku nikapelekwa shule moja hapo hapo Kitengela. Mji ulikuwa unavimba. Pale tulipokuwa tukiona nyumbu wakivuka, watu walikuwa wameweka waya na mabango ya kuuza ploti, na kila mtu uliyekutana naye alikuwa dalali. Baba alikufa. Kwenye mazishi yake, huko nyumbani Western, ambako waliambiwa kwamba aliyekufa ni mimi, kasisi alisoma majina ya watoto waliobaki, akasoma la kaka yangu, na mimi nikasimama. Mama aliishi miaka miwili zaidi. Nilikuwa nangoja ateleze, hata siku moja, hata akiwa na homa. Alikuwa amefanya mazoezi mazuri kuliko sisi sote. Alikufa akiniita mtoto wake aliyezikwa.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu duniani anayejua jina langu, ila mmoja. Na yule mmoja nilimchukia zaidi ya mtu yeyote. Nikisikia gari limesimama nje ya shule nilifikiri ni yeye amekuja kusema. Nikiona bahasha ya kaki ofisini, niliigeuza kwanza kuona imetoka wapi. Nilimchukia kwa sababu hakusema ile siku, akaniacha niishi nikingoja. Wanafunzi wangu walilijua hilo bila kulijua. Kabla ya msimu wa michezo nilikuwa nawasimamisha wakimbiaji wawili wawili mbele ya darasa nikiwalinganisha, huyu kifua, yule paja, huyu mwoga, mpaka mmoja alie. Nilikuwa mwalimu wa michezo aliyesifiwa sana.

Basi ikawa mwaka mmoja katikati ya miaka ya elfu mbili, shule ikaanza kuwapikia watoto chakula cha mchana, nami nikapewa kusimamia stoo, kazi ya baba yangu hasa. Asubuhi moja lori likaingia na magunia ya vitunguu. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwepo, mama mmoja mkali wa kutoka Murang'a ambaye hakuna kitu kilimpita, na wazazi watatu wa kamati. Mlango wa lori ukafunguka, akashuka mtu mnene kidogo, koti zuri, viatu vya ngozi. Akageuza kichwa chote kutuangalia.

Nilimjua kabla hajamaliza kukigeuza. Bomba la mgongoni hakulibeba tena, hilo lilionekana wazi. Alikuwa sasa anauuzia mji mzima vitunguu vya wenzake.

Akacheka kwa furaha, akafungua mikono, akaniita. Hakuniita mwalimu. Hakuniita jina la kaka yangu. Aliniita jina langu, lote, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilitunza.

Sikuwa nimelisikia kwa masikio haya kwa miaka karibu kumi. Mguu wangu wa kulia ulitoka wenyewe ukapiga hatua moja mbele. Koo lilikuwa limeshafunguka kuitika. Laiti pasingekuwa na watu. Lakini naibu alikuwa ameinua kichwa kutoka kwa karatasi zake, akauliza huyu anaita nani, na wazazi watatu wakageuka wakaniangalia.

"Umenifananisha, bwana," nikamwambia. "Pengine ni hilo jicho."

Mikono yake ilibaki wazi kidogo, kisha akaishusha. "Pole, mwalimu," akasema. "Nimekosea." Akaenda nyuma ya lori kuonyesha vijana magunia ya kushusha, na akazunguka kwa upande ambao mimi ningekuwa kushoto kwake.

Naibu alikuwa bado anamtazama. Alimtazama usoni alipopita, huku na huku, kwa uangalifu wake ule. Kisha akanigeukia mimi.

"Jicho gani, mwalimu?" akauliza. "Mbona mimi nayaona yote mazima?"

Niligeuka kuangalia ni nani mwingine alikuwa ananiangalia.